Jinsi ya Kuandika Wahusika wa Riwaya ya Uhalifu Wanaochagua Wenyewe: Mwongozo kwa Waandishi Wapya wa Lubumbashi

Vijana wanaoandika hapa Lubumbashi huniletea miswada yao, wengine hunitumia kwa simu kipande kwa kipande, na maswali yao ni yale yale. Mbona msomaji anamjua muuaji kabla ya sura ya tatu? Mbona wanasema mtu wangu mbaya hana uhai? Ni lazima muuaji akamatwe mwishoni? Nifanyeje ili riwaya iwe na funzo bila kuhubiri? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, na sasa naandika yote mahali pamoja ili anayeanza apate pa kushika.

Maswali hayo yote yana mzizi mmoja. Katika miswada mingi wahusika hawachagui chochote. Mwizi anaiba kwa sababu ni mwizi, polisi anakula rushwa kwa sababu ni polisi, mjane analia kwa sababu ni mjane. Mwandishi amewagawia kazi, nao wanaitimiza. Riwaya ya uhalifu humshika msomaji pale mtu anapokuwa na njia mbili mbele yake, zote mbili zinamgharimu, naye akashika moja huku akijua anachofanya. Nitakuonyesha namna ya kuzitengeneza dakika hizo.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, hadithi ya kubuni. Papa Kalenga ni zamu, yaani mlinzi, wa usiku katika depo ya kununulia madini, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi kali, anakutwa amekufa ndani ya kibanda chake. Mbabula, yaani jiko la makaa, iko pembeni, makala yamekuwa majivu. Kila mtu anasema ni moshi. Lakini dirisha dogo la kibanda limezibwa kwa gunia, na gunia limesokomezwa kutoka nje.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari na kalamu. Sura zenyewe unaweza kuziandika kwenye simu, wengi wetu ndivyo tunavyofanya, lakini mpango uweke kwenye karatasi, kwa sababu utahitaji kutazama wahusika wawili kwa wakati mmoja.

Uhalifu mmoja. Narudia, mmoja. Anayeanza hupenda maiti tatu na genge la watu ishirini, na mwishowe hapati nafasi ya kumjua hata mtu mmoja.

Mahali unapopajua kwa miguu yako. Kama umekulia Katuba, andika Katuba. Kama hujawahi kusimama kwenye depo ya madini, hadithi yako iweke sokoni, kwenye garaji, shuleni, kanisani. Uhalifu uko kila mahali, na msomaji wa hapa anatambua haraka mwandishi anayebahatisha.

Orodha ya bei za mwezi huu: mfuko wa unga wa mahindi, gunia la makala, kodi ya nyumba ya vyumba viwili, masomo ya mtoto mmoja, bili ya kujifungua hospitalini, nauli mpaka Kasumbalesa. Nenda ukaulize, usikisie. Utaona faida yake kwenye hatua ya 3.

Mtu anayejua sheria. Mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi anatosha kabisa, mnunulie soda umuulize. Jambo la kwanza atakalokuambia ni hili: Katiba ya nchi yetu, Kongo, ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aliyekamatwa na polisi asiwekwe zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria inayohusika. Kwa mwandishi wa riwaya ya uhalifu saa hizo 48 ni zawadi kubwa, tutazitumia.

Hatua kwa hatua

1. Andika uhalifu kwa sentensi moja, kisha orodhesha walionyamaza.

Sentensi yangu: "Zamu wa depo aliuawa usiku ambao lori moja la madini lilipakiwa bila karatasi." Basi. Chini yake usiandike kwanza nani aliua. Andika nani alijua kitu akanyamaza. Katika mfano wetu walionyamaza ni Ilunga, kijana wa mizani, Monga, dereva wa lori, msaidizi wa Monga, mwenye depo, na jirani mmoja aliyeona taa za gari usiku. Orodha ya walionyamaza ndiyo orodha ya wahusika wako wakuu, maana kila aliyenyamaza ana sababu, na sababu hiyo ndiyo utakayoiandika.

2. Mpe kila mmoja kitu anachokipenda, na kitu anachoogopa kukipoteza.

Usiandike tabia. Ukiandika "Monga ni mtu mwenye tamaa", umefunga mlango. Andika hivi: mke wa Monga amejifungua salama, mtoto mzima, lakini bili haijalipwa na hospitali haiwaruhusu kutoka. Siku zinapita na bili inaongezeka. Kila msomaji wa mji huu anajua familia iliyopita hapo.

Kwa Papa Kalenga nenda nyuma zaidi. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, baada ya miezi mingi bila mshahara. Kalenga alipokea kiasi chake, kikaisha, na mtu aliyekuwa akisimamia mashine akaishia kulinda geti. Ukijua hilo utaelewa kwa nini anashika sana heshima ya kazi yake, kwa nini anaandika kila gari linaloingia ingawa hakuna aliyemwomba aandike. Historia ya mji iingie hivyo, ndani ya mwili wa mtu. Usiipe sura yake peke yake.

Angalia kosa hili: shida siyo uamuzi. Shida ya Monga inaeleza kwa nini alisimama njia panda, haielezi kwa nini alipinda kushoto. Mwandishi akisema "umaskini ulimfanya aue" anawatukana maskini wote wa mitaa yetu ya Kenya na Ruashi ambao usiku ule ule walilala na njaa na hawakumgusa mtu.

3. Chora uchaguzi wa kila mhusika katika safu mbili, na uweke gharama pande zote.

Hii ndiyo hatua yenye uzito, usiipite haraka. Gawanya ukurasa kwa mstari wa kati. Kushoto andika "akifanya hivi", kulia "akifanya vile". Chini ya kila upande andika atakachopoteza, na ukiweza weka bei kutoka kwenye orodha yako.

Tumchukue Ilunga. Ana miaka 24, kazi yake ni kupima magunia ya wachimbaji na kuandika kilo kwenye daftari la mizani. Mizani ile inaiba. Alionyeshwa siku ya kwanza kazini namna ya kuirekebisha ili gunia lipungue kilo kadhaa, naye anaandika hizo kilo pungufu kwa mkono wake mwenyewe kila siku. Usiku wa kifo cha Kalenga hakuwepo. Lakini asubuhi anafungua daftari na kukuta mistari ya usiku: magunia yamehesabiwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. Na lile gunia lililoziba dirisha analijua, limeshonwa kwa uzi wa bluu wanaotumia deponi pale tu.

Akichana ukurasa: anabaki na kazi, dada yake anaendelea na masomo yanayolipwa na mwenye depo, na kifo cha Kalenga kinaandikwa kuwa ni moshi.

Akipeleka daftari kwa polisi: Kalenga anapata haki, lakini daftari ni moja. Kurasa zote zilizotangulia zina mwandiko wa Ilunga na kilo alizowaibia wachimbaji. Anakwenda kushuhudia wizi wa mwenzake akiwa amebeba ushahidi wa wizi wake.

Hapo sasa kuna uchaguzi. Ungekuwa umempa Ilunga daftari safi, swali lake lingekuwa jepesi kama la mtihani wa katekisimu: mtu mwema anasema ukweli. Msomaji angejibu kabla ya Ilunga. Uchafu wake mdogo ndio unaofanya wema wake uwe na bei.

Jipime namna hii: msomee mama yako au shangazi yako safu zote mbili. Akijibu mara moja, "Si aseme tu ukweli!", gharama bado ni ndogo. Akinyamaza kidogo, akauliza "Na dada yake je?", umefika.

4. Vunja uhalifu katika ngazi ndogo ndogo.

Karibu hakuna mtu anayeamka asubuhi na kuamua kuua. Chukua muuaji wako, andika ngazi alizoshuka, na kila ngazi iwe jambo ambalo mtu wa kawaida anaweza kujihalalishia.

Monga anakubali kupakia usiku bila karatasi. Wengi wanafanya hivyo, anajiambia. Kisha mwenye depo anampa bahasha ya kumpa Kalenga ili afumbe macho. Njiani Monga anapita hospitalini, anamwona mkewe, na bahasha inabaki mfukoni mwake. Sasa Kalenga hajalipwa, na Kalenga ni mtu wa kuandika kila gari. Kwa hiyo inabidi alale. Monga amesikia watu wakisema mbabula kwenye chumba kilichofungwa inaleta usingizi mzito. Anasokomeza gunia. Alale tu, anajiambia, saa mbili au tatu hivi.

Mpaka hapa ana lawama nzito, lakini bado hajafika kwenye ngazi ya mwisho. Ya mwisho ni hii: saa saba usiku anasikia kikombe cha chuma kikianguka ndani ya kibanda. Mtu aliyelala haangushi kikombe. Monga anajua, na ana muda wa kutosha kwenda kutoa gunia.

Hapo ndipo mauaji yalipo, katika kile kikombe. Ukishaipata dakika ya namna hii katika hadithi yako, izungushie duara jekundu. Riwaya yote itakuwa inaielekea au inaikimbia.

Onyo: usimpe muuaji njia ya kutokea kwa mlango wa nyuma. Waandishi wengi hapa huleta mganga, au pepo, au ndoto aliyotumiwa, na ghafla aliyefanya siye aliyefanya. Watu katika riwaya yako wanaweza kuamini uchawi, mjini watu wanaamini na ni haki kuwaonyesha. Mjomba wa Kalenga anaweza kusema kwenye kilio kwamba ndugu yake alirogwa. Lakini wewe mwandishi usimkubalie, kwa sababu ukimkubalia umemfuta Monga.

5. Weka watu wawili au watatu kwenye shida moja, kila mmoja achukue njia yake.

Kikombe kilipoanguka, Monga hakuwa peke yake. Msaidizi wake alikuwa nyuma anapanga magunia. Naye alisikia. Akasema, "Yaya," yaani kaka, "niende nione?" Monga akajibu, "Pakia." Akapakia.

Sauti moja, wanaume wawili. Mmoja alijua na akakaa. Mwingine alihisi, akauliza, akatii. Nani ana lawama kubwa zaidi? Usijibu. Kazi yako ni kuwaweka wawili hao kwenye barabara moja na kumwacha msomaji apime. Mtu wa tatu awe dereva mwingine aliyeombwa kazi hiyo kabla ya Monga na akakataa. Usimfanye mtakatifu. Alikataa kwa sababu alimwogopa Mungu, au kwa sababu alimwogopa mkewe, vyovyote, lakini mpe gharama: wiki ile hakupata safari, na wanawe walirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya ada. Mhusika mmoja mwenye shida ile ile aliyefanya tofauti ana nguvu kuliko kurasa kumi za mahubiri.

6. Mpelelezi naye achague.

Nasikitika kila ninaposoma mpelelezi anayejua yote, asiyechoka, asiyedaiwa na mtu. Anatoka kwenye filamu, wala hatoki kituo chochote cha polisi cha mji huu. Hapa uchunguzi wa kwanza unafanywa na ofisa wa upelelezi tunayemwita OPJ, chini ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Mpe OPJ wako, tumwite Banza, vitu vya kweli: hana mafuta ya gari, karatasi za PV, yaani za kuandikia maelezo ya wanaohojiwa, anajinunulia, na familia ya marehemu imeshaanza kuuliza lini watapewa mwili wazike.

Mwenye depo anafika kwa heshima zote, anatoa gari lake libebe maiti, anatoa na mafuta. Banza anakubali? Mwili hauwezi kulala pale. Akikubali, amebebwa na mtu ambaye kesho anatakiwa kumhoji. Hakuna noti iliyopita mkononi, hakuna neno baya lililosemwa, na bado kitu kimefungwa. Uandike uchaguzi wa namna hii polepole. Rushwa ya bahasha kila mtu anaijua, ila fadhila ndogo iliyotolewa saa ya msiba ndiyo inayompima mtu mwenye nia njema.

Kisha tumia saa 48. Banza amemkamata Monga kwa sababu ya alama za matairi. Hana kingine. Saa zinakwenda. Ushahidi pekee uko kwenye daftari la Ilunga, na Ilunga bado ameketi na wembe mkononi, anautazama ule ukurasa. Sasa una watu wawili wanaochagua kwa wakati mmoja bila kujuana. Andika sura moja ya Banza, moja ya Ilunga, moja ya Banza. Mvutano utakuja wenyewe.

Angalia: askari na polisi wakishtakiwa wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, raia kwa kawaida wanahukumiwa na za kiraia. Kama muuaji wako ni polisi, usimpeleke kwenye mahakama isiyo yake. Mwulize yule mwanafunzi wako wa sheria.

7. Andika dakika ya uchaguzi kwa mikono na vitu, ufute maneno ya kuhukumu.

Hivi ndivyo wengi wanavyoiandika mara ya kwanza:

*Monga alikuwa mtu katili asiye na huruma hata kidogo. Aliposikia mzee akihangaika ndani, alicheka moyoni. Tamaa ya pesa ilikuwa imempofusha kabisa.*

Msomaji hana la kufanya hapa. Ameshaambiwa amchukie nani. Sasa soma hii:

*Saa saba usiku kikombe kilianguka ndani ya kibanda. Monga alikuwa kwenye kabini, taa zimezimwa, mkono kwenye ufunguo. Akasikiliza. Kikombe kilibingirika kidogo, kikatulia. Kutoka kwenye lori mpaka dirishani ni hatua kama kumi na mbili. Nyuma, vijana walikuwa wamebakiza magunia manane. Aliyahesabu yakipanda. La nane lilipotua, akawasha gari.*

Hakuna neno "katili" wala "tamaa". Kuna hatua kumi na mbili na magunia manane, na msomaji anajua kwamba kila gunia lilikuwa nafasi nyingine ya kushuka. Chukua sura yako, piga mstari chini ya kila neno linalohukumu: mbaya, mwema, katili, mnafiki, mwovu. Yafute yote. Pale ambapo sentensi inaanguka baada ya kufuta, weka kitu ambacho mkono wa mtu unafanya.

8. Sikiliza wanavyoitana.

Masimulizi yaandike kwa Kiswahili kitakachosomeka Bukavu, Kigoma na Mombasa pia. Mazungumzo yaache yawe ya hapa. "Papa, baridi iko mingi leo." "Iko mingi, mwana. Funga mlango." Haya ni mazungumzo ya mwisho kati ya Monga na Kalenga, na uzito wake uko kwenye "papa" na "mwana". Mtu aliyemwita mzee "papa" jioni, usiku akaziba dirisha lake, amevunja zaidi ya sheria ya serikali. Kisha mfuate: baada ya kifo, Monga akiulizwa na polisi, anasema "yule zamu". Hakumwita tena papa. Usimweleze msomaji, ataona.

9. Uchaguzi uache alama.

Mtu akishachagua, kitu kibadilike katika siku zake: chakula, usingizi, njia anayopita kwenda nyumbani. Monga anakwenda kwenye kilio cha Kalenga. Anakaa kwenye benchi pamoja na wanaume wengine, na daftari la michango linapopita anaandika jina lake na kiasi. Mama Kalenga baadaye anashangaa: dereva tu, mbona ametoa pesa nyingi hivi? Ni kiasi kile kile kilichokuwa kwenye bahasha. Amemlipa marehemu alichomnyima. Na Banza, akipitia daftari la michango, anasimama kwenye mstari huo.

Umeona? Majuto ya mtu ndiyo yaliyomletea mpelelezi njia. Kila unapoweza, ushahidi utoke kwenye tabia ya mtu, usitoke kwenye kitambulisho alichoangusha mahali pa tukio. Na mjane usimwache akilia tu toka mwanzo mpaka mwisho. Mama Kalenga naye ana chake cha kuchagua: mwenye depo anamletea pesa za mazishi na karatasi ya kusaini kwamba hana madai.

Makosa matatu ninayokutana nayo sana

La kwanza ni zito, nalisema bila kuzunguka. Hapa kwetu jina la mtu linabeba kabila lake, msomaji analisikia mara moja. Kama wezi wako wote wana majina ya upande mmoja na wema wote majina ya upande mwingine, umeandika uchochezi hata kama hukukusudia. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya eneo la Kasai walifukuzwa hapa kwetu Katanga. Maelfu walikaa kwenye vituo vya treni Likasi na Kolwezi wakingoja usafiri, na wengi walifia pale. Mji huu una watoto na wajukuu wao. Kabla ya kumaliza mswada, andika majina yote kwenye karatasi moja na uangalie wema na ubaya vimegawanyika vipi. Fanya vivyo hivyo kwa wageni: mfanyabiashara wa kigeni kuwa mwovu bila hata dakika moja ya kuchagua ni uvivu wa mwandishi.

La pili, mwanamke ni maiti, au kishawishi, au mama anayeomba. Mpe mwanamke mmoja ufunguo wa kitu fulani na hatari ya kukitumia.

La tatu, kuchukua kesi ya kweli ya mtaani na kubadilisha jina tu. Familia zipo, zinasoma, zinaumia, na unaweza kushtakiwa. Badilisha mahali, kazi, namna ya kifo na jinsia ikibidi. Bakiza lile swali tu.

Ukikwama

*Msomaji anamjua muuaji mapema.* Huenda ni mmoja tu mwenye cha kuficha. Rudi hatua ya 1, kila aliyenyamaza umpe siri yenye aibu. Ilunga aliyeficha daftari ataonekana mwenye hatia kuliko Monga, na kwa kiasi fulani anayo hatia kweli.

*Msomaji anamjua muuaji lakini anaendelea kusoma.* Usiguse kitu. Riwaya nyingine zinavutwa na swali la nani, nyingine na swali la je, atatoa lile gunia.

*Mtu wangu mwema anachosha.* Wema wake haujamgharimu. Mnyang'anye kitu katikati ya kitabu kwa sababu ya jambo jema alilolifanya mwanzoni.

*Ninamhurumia muuaji mpaka nashindwa kumwadhibu.* Huruma ni nzuri, iache. Lakini andika pia sura moja ukiwa ndani ya kibanda na Kalenga, kuanzia anapowasha mbabula. Ukimaliza sura hiyo mizani itarudi mahali pake.

*Muuaji lazima akamatwe?* Hapana. Kinacholazimika ni msomaji ajue nani alichagua nini. Banza anaweza kushindwa ndani ya saa 48, Monga akatoka, akamchukua mkewe na mtoto hospitalini, wakaenda nyumbani. Mtoto yule akipewa jina la Kalenga, nani atasema hadithi haikuhukumu? Ila kama umechagua mwisho huo, usiongeze ukurasa wa kueleza.

*Nataka riwaya ifundishe.* Itafundisha kama utamwamini msomaji. Sentensi yoyote inayoanza na "hii inatufundisha" itoe, hata ikiwa mdomoni mwa pasta au bibi. Pasta akihubiri ndani ya riwaya, awe na sababu yake ya kuhubiri jambo hilo siku hiyo.

*Sijui kama imekaa vizuri.* Mpe mtu mmoja asiyeandika asome: fundi nguo, muuza sombe, kaka yako. Usimwulize kama ameipenda, atasema ndiyo kwa heshima. Mwulize ni ukurasa upi alitaka kumshika mhusika mkono amzuie. Akiutaja, weka alama hapo na uendelee na sura inayofuata. Akishindwa kuutaja, fungua daftari lako kwenye zile safu mbili na uongeze gharama.